Nusu ya Pili ya Wimbo

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani kwa baba mdogo, Chemchem, hapa Tabora mjini. Nikamwekea "Dada Asha" ya Tabora Jazz kwenye simu, nikijua leo nimempata. Mzee akasikiliza kimya, mguu mmoja ukigonga sakafu. Gitaa la solo lilipoanza kukolea, wimbo ukakatika. Nikasubiri sifa. Yeye akaniangalia tu.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi, baba?"

"Hiyo ni nusu, mwanangu. Hapo ndipo tulikuwa tunanyanyuka kwenye viti."

Nilicheka moyoni. Si unajua wazee wetu: zamani maembe yalikuwa makubwa zaidi, mvua ilikuwa nyingi zaidi, kwa hiyo na nyimbo nazo zilikuwa ndefu zaidi. Lakini lile neno "nusu" likanikaa. Baba mdogo alifanya kazi reli, ni mtu wa hesabu, hasemi nusu akimaanisha robo. Nikaanza kufuatilia. Na kadiri nilivyofuatilia ndivyo nilivyoona kwamba mwenye kosa ni mimi, na pengine sisi wote tuliozijua nyimbo za dansi kupitia redio na intaneti.

Tuanze na mji wenyewe. Leo ukimwambia kijana kwamba Tabora iliwahi kuwa mji wa bendi, anaweza kudhani unamtania. Lakini mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Ulikuwa na Nyanyembe Jazz, waliotuachia "Rangi ya Chungwa". Ulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, bendi ambayo Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, aliipa "Dada Asha" yake. Bendi tatu za kutajwa nchi nzima, katika mji ulio mbali na bahari na mbali na studio. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo kila kilichopita kati ya Dar es Salaam, maziwa na Kongo kilishuka kwanza stesheni yetu: watu, mizigo, santuri, magitaa.

Sasa wimbo wa dansi umejengwaje? Mi nauona kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha maneno. Waimbaji wako mbele, kisa kinasimuliwa polepole, watu wanacheza taratibu au wamekaa wanasikiliza. Chumba cha pili ni chemko. Neno linajieleza lenyewe: chungu kimeanza kuchemka. Mwendo unapanda, maneno yanapungua hadi kubaki kiitikio, gitaa la solo linashika usukani, rithimu inazunguka palepale, tumba zinazidi, na bendi yenye matarumbeta inaanza kuyajibizanisha na magitaa. Wenzetu wa Kongo wanaita sebene. Mimi mtoto wa Chemchem nililipenda neno letu kabla hata sijalielewa, maana chemchem nayo ni maji yanayotoka ardhini kama yanachemka.

Chumba cha kwanza urefu wake unajulikana. Maneno yakiisha, kimeisha. Cha pili hakina ukuta wa nyuma.

Na sababu yake ni kazi yenyewe. Dansi linaanza usiku na linaweza kwenda hadi majogoo. Bendi ina nyimbo zake, lakini hazifiki mia. Watu wamelipa kiingilio, wengine wametoka mbali. Ukipiga kila wimbo dakika nne, saa chache tu kapu limekauka. Na mchezaji naye hataki umkatishe wakati mwili ndio kwanza umepata moto. Kwa hiyo kiongozi wa bendi anatazama sakafu. Wamejaa, endelea. Wanaanza kurudi kwenye viti, funga. Tena kuna yule anayepanda kutunza, anambandika mpiga solo noti kwenye paji la uso. Nani atafunga wimbo wakati mtu bado anatoa hela? Baba mdogo aliniambia kuna usiku alitoka nje kuvuta sigara, akavuta akamaliza, akasalimiana na watu, akarudi ndani na wimbo ni uleule.

Kisha ikaja sahani. Santuri ya inchi saba, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, inabeba dakika tatu, nne, ukibana sana tano, kwa kila upande. Wimbo wa ukumbini ulifika mbele ya santuri kama kitanda kikubwa mbele ya mlango mwembamba. Njia zikawa mbili: ama ukipunguze kitanda, ama ukifungue vipandevipande. Ndiyo maana santuri nyingi za dansi zina sehemu ya 1 upande mmoja na sehemu ya 2 upande wa pili: maneno huku, chemko kule. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zetu zilirekodi sana miaka ya 1970, ilitumia kanda, na kanda ina nafasi zaidi. Lakini redio nayo ina ratiba, taarifa ya habari haimsubiri mpiga solo. Santuri zenyewe zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 hata mlango ule mwembamba ukawa mgumu kupitika.

Leo nikitafuta nyimbo hizo mtandaoni, mara nyingi nakutana na upande mmoja tu. Mtu amepata santuri, ameweka upande wa kwanza, wa pili umechanika au hakuugeuza kabisa. Sisi tunasikiliza, tunaupenda, tunaukariri, tunauita wimbo. Kumbe ni nusu. Mzee alikuwa sahihi hata kwa hesabu.

Wapenzi wa roki watasema jambo hili wanalijua. Deep Purple walirekodi "Space Truckin'" mwaka 1972 kwa dakika nne na nusu hivi. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho yao Japani, wakaupiga karibu dakika 20. "Dark Star" ya Grateful Dead ilitoka 1968 kwenye santuri ndogo ikiwa chini ya dakika tatu, na kwenye albamu yao ya jukwaani ya 1969 inapita dakika 23. Mazungumzo ya huko kwa kawaida huenda hivi: huu ndio wimbo, na hawa wazee wanaurefusha. Wengine wanashangilia, wengine wanapiga miayo. Lakini pande zote mbili zimekubaliana kwamba kipimo ni rekodi.

Kwetu mambo yalianza upande mwingine. Wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi, ukapelekwa ukumbini, watu wakaukubali au wakaukataa kwa miguu yao. Studio ilikuja baadaye. Nilipomwambia baba mdogo kwamba bendi za zamani zinapenda kurefusha nyimbo, alinikata palepale: "Hawarefushi. Ndio urefu wake."

Hapa Tabora sentensi hiyo ina mizizi mirefu kuliko magitaa. Kabla ya reli, mji huu ulikuwa njiapanda ya misafara. Barabara ya kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Waliobeba mizigo wengi walikuwa Wanyamwezi, na kutoka pwani hadi hapa walitembea miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Walitembea wakiimba. Mmoja anatoa, msafara unaitikia. Wimbo wa namna hiyo utauliza una dakika ngapi? Unaisha mlima ukiisha, au mkifika majini. Sidai kwamba mpiga solo wa Segere Matata alijifunza kwa kirangozi. Ninachosema ni kwamba wimbo unaobebwa na mwili, uwe unatembea au unacheza, hupimwa kwa mwili huo.

Na hapa, msomaji mwenzangu wa fasihi, tunaguswa mimi na wewe. Shuleni tulikariri kwamba fasihi simulizi ina fanani, hadhira na tukio. Tukapata alama zetu. Halafu tukija kuandika kuhusu nyimbo za dansi, tunafanya nini? Tunanukuu beti mbili na kiitikio, tunachambua dhamira, tunataja mapenzi na wivu, tumemaliza. Hadhira hatuna, tukio hatuna. Tumechambua chumba cha kwanza tukatangaza kwamba tumeiona nyumba. Nami nimo, niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu mashairi ya dansi na sikugusa chemko hata kwa mstari mmoja, kwa sababu eti halina maneno.

Siku niliyojua kwamba lina maneno ilikuwa Dar es Salaam, Jumapili, kwenye onyesho la bendi moja kongwe. Bendi kongwe zetu zina umri wa watu wazima wenye wajukuu. Msondo Ngoma ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, chama cha wafanyakazi kikibadili jina na yenyewe inabadili. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978. Bendi za namna hii zimezika watu wengi. TX Moshi William alifariki 2006. Muhidin Gurumo, aliyeimba katika bendi zote hizo mbili, alituacha Aprili 2014, na Shem Karenga akamfuata Desemba mwaka huohuo.

Basi usiku ule walipiga wimbo ambao kila mtu pale ndani alikuwa anaujua. Maneno tuliyaimba wote. Ulipofika mahali ambapo redioni huwa unaishia, mwimbaji, mzee wa makamo ya baba mdogo, hakurudi nyuma. Akaanza kuita. Kwanza alituchokoza sisi wa bara: Wanyamwezi mpo? Mmeshatua mizigo? Ukumbi ukacheka, ni utani wa zamani huo kati yetu na Wazaramo, na inasemekana ulizaliwa na misafara ileile. Kisha sauti ikabadilika. Akaanza kutaja majina ya wenzake waliotangulia, mmoja baada ya mwingine: aliyepiga besi, aliyepuliza saksafoni, aliyeutunga wimbo wenyewe. Kila jina likitajwa, solo linajibu kidogo. Mama mmoja jirani yangu alikuwa anacheza huku anafuta machozi kwa upindo wa kitenge, hakusimama. Niliangalia saa wimbo ulipofungwa. Dakika 17. Rekodi niliyonayo nyumbani haifiki tano.

Majina yale hayamo kwenye rekodi, na hayangeweza kuwamo. Wakati wa kurekodi wenye majina walikuwa hai, wamesimama mbele ya maikrofoni. Bendi kongwe inapoupiga wimbo wake wa zamani inahitaji mahali pa kuwaweka watu iliowapoteza, na katika wimbo wa dansi mahali hapo papo tayari. Ni kile chumba kisicho na ukuta wa nyuma.

Sisemi kila urefu ni mali. Nimekaa kwenye maonyesho ambayo chemko lilirefushwa kwa sababu bendi haina kitu kipya cha kupiga, au kwa sababu mpiga solo aliyekufa ameachiwa nafasi kijana ambaye anajua kipande kimoja tu, anakizungusha mpaka unakitamani kimya. Baba mdogo ana kipimo chake: usitazame saa, tazama sakafu. Chemko la kweli, anasema, kila baada ya muda kidogo linakupa sababu mpya ya kutokwenda kukaa. Likiacha kukupa sababu, hiyo si ngoma tena, ni jenereta.

Kipimo hicho kina tatizo moja, nacho ndicho kinachoniuma. Kinahitaji sakafu. Tabora ya leo haina bendi hizo tena, na miguu iliyokuwa inazipima inapungua kila mwaka. Maneno ya nyimbo yatabaki, tumeyaandika. Nusu ya pili ya zile za hapa kwetu ilibaki kwenye kumbi, na kumbi zimekuwa maghala na makanisa na maduka ya simu.

Kwa hiyo wiki iliyofuata nilirudi Chemchem. Nikamwamkia mzee, nikaweka simu juu ya stuli katikati yetu, nikabonyeza kurekodi. Nikamwomba aniimbie ile nusu.

"Mi si mwanamuziki, bwana."

"Ulikuwepo, baba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kupiga stuli kwa vidole, rithimu kwanza, taratibu. Solo akalipiga kwa mdomo, ti-ri-ri, analipandisha, analirudisha, anacheka peke yake mahali alipokumbuka kitu. Katikati akaita majina mawili ambayo sikuyajua. Baadaye nikaambiwa ni rafiki zake wa karakana ya reli, walikuwa wakitoka naye kwenda dansini.

Ninayo kwenye simu: dakika 11 na sekunde kidogo. Haikuishia pale kwa sababu wimbo uliisha. Iliadhiniwa isha, akaacha, akaenda kutia udhu.