Java na uzio wake: dirisha la "ndiyo ao hapana"

Bandugu, wengi wetu tuliokuwa tunaingia siberi hapa Bunia tunakumbuka lile dirisha dogo: Java inaomba ruhusa, ndiyo ao hapana? Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nilibonyeza ndiyo bila kusoma, juu dakika zilikuwa zinahesabiwa. Kesho yake ile mashine ilikuwa inafungua matangazo yenyewe.

"Mtoto, uligusa nini?" papa mwenye siberi akaniuliza.

"Papa, nilikubali tu."

Alinifukuza.

Turudi nyuma. Sun Microsystems ilileta Java mwaka 1995. Ukurasa wa intaneti uliweza sasa kuleta programu ndogo, apleti, ikajiendesha ndani ya kivinjari. (JavaScript ni kitu kingine, jina tu linafanana.) Programu ya mtu usiyemjua, kwenye mashine yako! Kwa hiyo walijenga uzio. Kodi inakaguliwa kwanza, halafu mlinzi anajibu kila ombi: apleti haisomi mafaili yako, haiandiki kwenye diski, inaongea tu na seva ilikotoka. Sisi watu wa kilimo tunaelewa haraka: chipukizi la shamba usilolijua halipandwi moja kwa moja katikati ya migomba yako, juu ya mnyauko.

Matundu yalionekana mapema. Mwaka 1996 Drew Dean, Edward Felten na Dan Wallach, wa Chuo Kikuu cha Princeton, walionyesha namna apleti inaweza kudanganya kuhusu seva ilikotoka, ikafikia mashine zingine. Tundu likazibwa. Lakini mwaka 1997 Java 1.1 ilileta apleti zenye sahihi: ukikubali sahihi, apleti inatoka nje ya uzio. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yaliharibika zaidi. Kazi yote ya wataalamu ikawekwa kwenye kidole cha mtu mwenye haraka. Na sahihi inasema nani ametuma. Haisemi alichotuma ni kizuri.

Mwaka 2012 hata kidole hakikuhitajika. Kirusi Flashback kilipitia tundu la Java, kikaingia kwenye kompyuta za Mac zaidi ya 600,000. Kufungua ukurasa tu kulitosha. Oracle, iliyonunua Sun mwaka 2010, ilikuwa imetoa kiraka Februari. Apple ilikifikisha kwa watu wake Aprili.

Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilishauri watu wazime Java kwenye vivinjari. Siberi yetu haikupata habari hiyo, na kupakua toleo jipya kwa ile sateliti kungekula pesa ya siku nzima.

Baadaye milango ilifungwa mmoja mmoja: Chrome Septemba 2015, Firefox Machi 2017. Java 11, mwaka 2018, ikatoka bila kile kipande cha kuingia kwenye kivinjari. Yule mlinzi wa uzio alibaki miaka mingine, bila kazi kubwa, mpaka Java 24 ilipomzima Machi 2025. Papa naye alishafunga siberi. Leo anauza krediti za simu, na bado ananiita "mtoto wa ndiyo".