Mafunzo ya taka huanzia jikoni mwa shule
Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka nchini Kenya zitenganishwe zinakotoka: zinazooza kando, zisizooza kando. Kwa mwanafunzi, somo hili huanzia jikoni mwa shule. Maganda ya viazi na mabaki ya sukumawiki, yakichanganywa na majani makavu na kupinduliwa mara kwa mara ili hewa ipenye, huwa mboji baada ya miezi michache. Yakikosa hewa huvunda na kutoa gesi ya methani. Ugumu huja jioni, pale mapipa mawili yaliyojazwa kwa uangalifu darasani yanapomwagwa katika shimo moja nyuma ya vyoo na kutiwa moto, plastiki zikiwemo, ambazo moshi wake una sumu. Wanafunzi huyaona hayo.