Mizani ya nafaka: hesabu ndani ya shaba

Tuliosomea kompyuta tuna tabia ya kudhani kuchukua sampuli na kukokotoa uwiano ni mambo ya tarakilishi. Wapi! Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na kifaa cha shaba kilichofanya kazi hiyo bila umeme. Kinaitwa kondrometa.

Ni kikombe kidogo kinachoning'inia kwenye mkono wa mizani. Unakijaza ngano, unapitisha kijiti juu kuisawazisha, kisha unasogeza jiwe mpaka mkono utulie. Busheli moja ina painti 64. Kwa hiyo kikombe kikiwa cha painti moja, alama za mkono huwa zimeshazidishwa kwa 64, nawe unasoma moja kwa moja ratili kwa busheli. Ngano nzuri hufika 62 hivi, yaani kama kilo 77 kwa hektolita. Wanunuzi wa ngano huangalia kipimo hiki hadi leo.

Utamu wenyewe uko hapa: mtu akilowesha ngano, gunia huwa zito na mizani ya kawaida hudanganyika. Lakini punje zikinywa maji huvimba, zinazoingia kikombeni hupungua, na kipimo hushuka. (Hata kumimina kuna kanuni yake, maana ukimimina kutoka juu sana punje hushindiliana.)

Huku kwetu Nakuru nafaka ina historia ndefu. Kampuni ya Unga ya akina Delamere ilianza 1908, na KFA, ambayo wenyeji wanaitambua kwa ule mzunguko wa barabara mjini, ikaanza 1923. Kisha 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ikaanzisha udhibiti wa mahindi. Gunia lilikuwa ratili 200, na ndiyo asili ya kilo 90 zetu za leo. Bei ndiyo haikuwa moja: mkulima Mzungu alilipwa zaidi kwa gunia kuliko Mwafrika. Mizani haikuwa na kosa lolote. Ubaguzi uliandikwa kwenye jedwali la bei, na hakuna kondrometa inayopima hilo.

Sokoni siku hizi tunapimiwa kwa gorogoro, kopo la kilo mbili. Kitako kikibonyezwa kuingia ndani, kwa juu huoni kitu. Mimi huomba kopo tupu nikiangalie kitako kwanza. Mama muuzaji hununa kidogo, lakini hupima.