Motokaa Zilizoundwa Nyuma ya Nyumba

Wasomaji wetu wote wameona motokaa, walakini ni wachache waliopata kuuliza ilizaliwa katika nyumba ya namna gani. Ikitajwa motokaa, mawazo yetu huenda mara moja kwenye viwanda vikubwa vya Ulaya, Marekani na Japani. Nasi twataka kusimulia habari nyingine, yaani ya gari lililoundwa katika kibanda cha nyumbani, na ya vijana walionunua magari makuukuu wakayafungua hata skrubu ya mwisho, kisha wakayaunda upya kwa namna waliyoitaka wenyewe. Katika habari hii mna ugomvi mmoja ambao sisi, kwa kuwa kazi yetu ni kulea vijana, hatuwezi kuusoma bila kutaabika moyoni.

Tuanze katika mji wa Detroit huko Marekani. Mwaka 1893 alikaa mjini humo Henry Ford, mwana wa mkulima, mwenye umri wa miaka 30, fundi wa mitambo katika kampuni ya umeme ya Edison. Usiku wa mkesha wa Krismasi alileta jikoni injini ndogo aliyoiunda kwa kipande cha bomba na gurudumu la mashine kuukuu, akaikaza juu ya sinki. Mkewe Clara alikuwa akitayarisha chakula cha sikukuu, na mtoto wao wa majuma saba alikuwa amelala chumba cha pili. Ford akamwomba mkewe atone petroli kidogo kidogo, naye mwenyewe akazungusha gurudumu. Cheche ilipatikana katika waya wa taa ya nyumba. Injini ikakohoa, ikatema moto, ikazunguka. Mke aliyekubali jambo kama hilo jikoni mwake usiku ule, sisi twamhesabu kuwa nusu ya fundi.

Baada ya hayo Ford alifanya kazi usiku kwa usiku, miaka miwili na zaidi, katika kibanda cha matofali nyuma ya nyumba yake ya kupanga katika barabara ya Bagley. Gari lake lilikwenda kwa magurudumu manne ya baiskeli. Usukani ulikuwa fimbo tu, kama kana ya jahazi. Injini ilikuwa na silinda mbili na nguvu za farasi 4 hivi. Gia zilikuwa mbili, ya kwanza maili 10 kwa saa, ya pili maili 20, na kurudi nyuma halikuweza kabisa. Likawa tayari kabla ya mapambazuko, tarehe 4 Juni 1896. Ndipo fundi alipotambua neno ambalo mtoto yeyote mwenye rula angaliliona mapema: mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba kuliko gari! Ford akatwaa shoka akavunja ukuta. Rafiki yake James Bishop akatangulia kwa baiskeli ili kuwaonya wenye magari ya farasi, nalo gari likafuata gizani. Baadaye akaliuza kwa dola 200, na alipokwisha pata mali akalinunua tena kwa dola 65. Hata leo limewekwa katika jumba la ukumbusho lenye jina lake huko Dearborn.

Mambo yaliyofuata yajulikana na wengi, nasi tutayapita upesi. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ilianza kuuza motokaa iitwayo Model T, na bei yake ilikuwa dola 850. Mwaka 1913 gari likaanza kuvutwa mbele ya mafundi waliosimama mahali pamoja, kila mtu akitia kipande chake, na bei ikashuka mwaka kwa mwaka. Kazi ya Model T ilipokoma mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha kuundwa zaidi ya milioni 15.

Basi wingi huo ndio uliorudisha motokaa nyumbani. Model T kuukuu ilikuwa mali rahisi, imetupwa nyuma ya mabanda ya wakulima na katika viwanja vya vyuma chakavu. Tena, kwa kuwa zote ziliundwa kwa kipimo kimoja, kipande cha gari moja kiliingia katika gari jingine pasipo kusumbua. Kijana asiye na fedha za kununua gari moja zima aliweza kupata gari katika maiti za matatu.

Jambo hili lilisitawi sana katika jimbo la California. Huko, katika jangwa la Mojave, yako maziwa yaliyokauka ambayo sakafu yake ni ngumu na sawa kama meza, na mashuhuri kati yake lilikuwa Muroc. Vijana walikwenda huko kupima magari yao, na hapo ndipo ilipojulikana nani ni fundi na nani ni msemaji.

Na ufundi wao ulikuwa ufundi wa kweli. Kwanza waliondoa kila kisichosaidia mwendo: madigadi, boneti, kioo cha mbele, hata taa. Kisha wakaiendea injini. Walikwangua kifuniko cha silinda kikawa chembamba, ili hewa na petroli visongwe zaidi kabla ya kuwaka, maana mchanganyiko uliosongwa husukuma kwa nguvu zaidi. Mahali pa kabureta moja wakatia mbili au tatu, injini ipate kuvuta pumzi. Ed Winfield wa mji wa Glendale alisifiwa kwa kabureta zake, na kwa kuchonga ule mhimili wenye vifundo unaofungua vali. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilipotoa injini ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 65, kwa bei ya watu wa kawaida, vijana waliitazama kama mvua baada ya kiangazi. Vic Edelbrock, mwenye gereji Los Angeles, aliundia injini hiyo bomba la kuchukua kabureta mbili mwaka 1938. Wenzake wakaliona wakalitaka, na kazi ya gereji ikageuka kuwa kiwanda.

Wengine hawakujali mwendo, bali sura. Huko Sacramento fundi Harry Westergard, na baadaye George Barris aliyejifunza kwake, walikata nguzo za paa wakalishusha, wakaziba viungo kwa risasi iliyoyeyushwa, mpaka gari la kiwandani likawa kama limefinyangwa kwa mkono.

Walakini Muroc palikuwa mbali na mji, na barabara ilikuwa mlangoni. Wengi walishindana usiku katikati ya watu, wakaua na kuuawa. Magazeti yakawaita wahuni, askari wakawakamata, na wenye busara wakataka magari yao yapigwe marufuku yote pamoja. Hapa ndipo penye ugomvi tuliousema. Mtu aliyezika mtoto wake hawezi kuambiwa kwamba dereva alikuwa fundi hodari. Hata hivyo, sisi twaona hukumu ile ilichanganya mambo mawili, mkono uliounda na mguu uliokanyaga petroli mahali pasipofaa. Ford naye aliwasumbua jirani zake usiku.

Wenye akili miongoni mwa vijana wenyewe walikuwa wamekwisha kuona hivyo. Mwaka 1937 vilabu vya kusini ya California viliungana kuwa chama kimoja, SCTA, chenye sheria zake na ukaguzi wa magari. Vita ikawatawanya, na Muroc pakachukuliwa na jeshi. Waliporudi walikuwa wamejifunza mengi: mwaka 1946 Bill Burke alitwaa tangi la petroli lililokuwa likining'inizwa chini ya ndege ya vita, akatia injini ndani yake, likawa motokaa. Januari 1948 chama kikafanya maonyesho Los Angeles, na mbele ya macho ya watazamaji wanachama wakaunda gari zima. Hapo hapo Robert Petersen aliuza nakala za kwanza za gazeti lake Hot Rod, jina ambalo watu waliyaita magari hayo.

Mwaka 1949 wakapewa ruhusa kushindana katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana ukafunguliwa kwa mashindano ya robo maili, na mwaka 1951 Wally Parks akaongoza chama kipya, NHRA, kilichotaka kila mji uwape vijana mahali pao. Katika mji wa Pomona askari walikubali. Sajini mmoja wa polisi wa huko, Bud Coons, akaingia kazini pamoja nao. Mwaka 1954 yeye na wenzake watatu wakaondoka katika motokaa moja iliyovuta tela, lenye saa za kupimia mwendo na vipaza sauti, wakazunguka Marekani kuwaonyesha watu wa miji namna ya kutengeneza uwanja na kukagua magari. Msafara huo waliupa jina la Drag Safari, na neno lile la pili ni letu.