Mzinga wa Fort Jesus na droni za Ukraine

Pale Fort Jesus kuna mzinga ambao watu huegemea wakipiga selfie bila kuuliza umetoka wapi. Ulitoka kwa manowari ya Wajerumani, Königsberg. Na kwangu mimi, hiyo stori inaeleza vita vya droni kuliko video nyingi mnazonitumia.

Septemba 20, 1914, Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, ikiwa matengenezoni Zanzibar. Kisha ikajificha delta ya Rufiji. Mikoko na matope tupu! Meli kubwa za Uingereza hazingii, na ukiwa baharini huoni kitu.

Sasa jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani likafanya nini? Likamchukua rubani raia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini. Sio kifaa cha jeshi kile. Akaiona meli Novemba, Desemba akakamatwa. Zikaletwa ndege za Sopwith, joto letu likazishinda. Mwishowe zikapatikana zinazovumilia, zikawa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Kazi yake ni kuangalia makombora ya meli mbili, Severn na Mersey, yanaanguka wapi, halafu kutuma marekebisho kwa redio. Julai 6, 1915 yalipigwa zaidi ya 600, wapi! Julai 11 ndege yenyewe ikapigwa, na wale wawili ndani wakaendelea kutuma maelekezo huku wanaanguka. Königsberg ikaishia hapo.

Si ndiyo droni hiyo? Jicho la bei rahisi juu, kitu cha raia, kinamaliza meli.

Ukraine wamechukua vidroni vya mashindano, vya mamia ya dola, vinachoma vifaru vya mamilioni. Askari akilalamika leo, fundi karakanani anabadilisha programu wiki hiyo hiyo. Makampuni ya silaha yaliyozoea kandarasi za miaka mingi sasa yanakimbizana na watu wa solda. Baykar ya Uturuki imejijengea jina kwa TB2, na Ethiopia ilizitumia kwenye vita vya Tigray. Nao Wahouthi, tangu Novemba 2023, wamefanya meli za mizigo zizunguke Afrika nzima. Sisi wa Changamwe tunaoishi na malori ya kontena tusijifanye hayatuhusu.

Kinachoniuma ni upande wetu. Meli ilipokufa, Wajerumani walitoa mizinga yake 10 wakapigana nayo nchi kavu. Nani aliiburuta? Wapagazi, watu wetu. Waingereza nao walikuwa na Carrier Corps yao, ndiyo Kariakoo hiyo.

Leo fundi simu wa Kisauni anafungua bodi na kuirudisha macho yamefumba. Sisemi aunde bomu, jamani. Lakini droni ya kutafuta mvuvi aliyepotea, au ya kuhesabu mikoko inayokatwa Tudor, anaiweza. Shida ni vibali, ada na makaratasi kabla hajarusha hata kimoja. Nikisema kwa kifupi: tunangoja kuuziwa, tena na masharti.