Kantangaze

Mwaka 2014 nondo mdogo kutoka Amerika Kusini alikuwa ameshaingia Tanzania, viwavi wake wakitafuna nyanya. Wakulima wakambandika jina la kantangaze: nenda ukanitangaze. Nalipenda jina hili, limebeba uchungu wa shamba zima.

Wanasayansi walihangaika zaidi na jina lake. Edward Meyrick alimwelezea mwaka 1917 kutokana na dume wa Huancayo, Peru, akamwita Phthorimaea absoluta. Baadaye akahamishiwa jenasi ya Tuta; mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea, kwa nduguye nondo wa viazi. Wote wawili ni wa kijivu chenye madoa, urefu milimita chache tu. Mtaalamu anayetaka kuwatofautisha kwa uhakika humpasua nondo tumbo, akachunguza viungo vya uzazi kwa hadubini.