Mraru, Kati ya Nyika ya Tsavo na Msitu wa Mbololo

Aprili 1948 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo. Mwaka uliofuata mbuga ikagawanywa mbili, Mashariki na Magharibi, na makao ya Tsavo Mashariki yakawekwa Voi. Zote mbili zina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 22,000. Wataita wa Mraru, Mbololo na Sagalla, maeneo ya karibu na Voi, walijikuta majirani wa mbuga bila mtu kuwauliza. Leo takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mipaka ya mbuga hizo. Ondoa ranchi na mashamba makubwa ya mkonge, na kinachombakia mkulima ni kidogo mno.

Walioumia kwanza ni Wawaata, wawindaji wa nyika waliokuwa wakiua ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu. Kazi ya mababu zao iligeuka kosa la jinai. Katika msako wa 1956 na 1957, ulioongozwa na maafisa wa mbuga David Sheldrick na Bill Woodley, wengi walikamatwa na kufungwa. Ndovu wakapumua, wakaongezeka, na kwa kuwa nje ya mbuga walibanwa na mashamba na bunduki, wakazidi kukusanyika ndani. Wakaangusha mibuyu, wakamaliza vichaka, pori likaanza kugeuka uwanda wa nyasi.

Hapo ndipo wataalamu walipogombana. Mwaka 1966 mwanasayansi Richard Laws na wenzake waliua ndovu 300 kwa ajili ya utafiti, naye akapendekeza wengine wapunguzwe kabla njaa haijawapunguza. Sheldrick akakataa katakata: maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Laws akaondoka 1968. Kisha mvua zikakatika. Katika ukame wa 1970 na 1971 walikufa ndovu wapatao 6,000, wengi wao majike na ndama, kwa sababu jike mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, na majani ya karibu na maji ndiyo yaliyokwisha mwanzo. Hadi leo wako wanaobishana nani alikuwa na haki. Kwangu mimi, kosa la pande zote mbili lilikuwa moja: walihesabu ndovu, miti na mvua, wakamsahau mwanadamu anayelima ng'ambo ya mpaka.

Baada ya ukame zikaja bunduki za majangili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo la Tsavo lilikuwa na ndovu karibu 35,000. Kufikia 1988 walibaki kama 6,000. Vifaru weusi, waliokuwa maelfu, walikaribia kutoweka kabisa, na ndiyo maana 1986 wachache waliosalia walianza kuwekwa ndani ya uzio wa Ngulia, Tsavo Magharibi. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchini tangu 1977, lakini marufuku haikuzuia risasi. Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kusimamisha biashara ya pembe hizo. Ndovu wa Tsavo wakaanza kuongezeka tena.

Lakini ndovu hajui ramani. Mahindi na pojo vikikaribia kukomaa, huvuka usiku, na shamba la msimu mzima huisha kabla ya alfajiri. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, ila malipo huchukua muda mrefu, na watoto wanasubiri karo.

Jawabu lililonipa moyo liko Sagalla, upande wa pili wa Voi. Mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, kila baada ya mita kumi, ikiunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya kwa kifua, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa ghadhabu, naye huogopa sana kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Watafiti waliofuatilia nyua hizo kwa miaka tisa waliona kwamba karibu robo tatu ya ndovu waliofika walirudi walikotoka. Na mkulima anavuna asali. Udhaifu wake ni ukame: maua yakikosekana nyuki huhama, na uzio hubaki mizinga mitupu, wakati uleule ndovu mwenye njaa anapobisha. Mwaka 2022 Kenya ilipoteza ndovu 205 kwa ukame kati ya Februari na Oktoba, wakiwemo wa Tsavo.

Kazi kama hiyo ya nyua za nyuki inataka watu waliozoea kushirikiana, na Mraru haina upungufu huo. Miaka ya 1970 wanawake wa hapa, waliochoka kuachwa njiani na mabasi yaliyojaa, walichanga senti kwa senti hadi wakanunua basi lao wenyewe la kwenda Voi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuhubiriwa. Wanahitaji kupewa sehemu yao.

Tena urithi wa kipekee zaidi wa kaunti hii hauko hata ndani ya mbuga. Uko juu mlimani, katika msitu wa Mbololo wenye hekta zipatazo 200, anakoishi ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, Turdus helleri kwa jina la kisayansi. Huchakura majani makavu kivulini, na duniani kote hapatikani nje ya vipande vichache vya misitu ya Taita, Mbololo ikiwa na wengi kuliko kwingine. Hakuna mtalii anayelipa langoni kumwona. Msitu wake unashikilia maji ya wanaolima chini yake. Viongozi wa kaunti wamedai kwa miaka mingi wagawiwe mapato ya Tsavo, na dai hilo naliunga mkono kwa sharti moja: fungu la pesa zinazokusanywa lango la Voi lipande mlimani, likalipe miche ya miti ya asili na vijana wa kuilinda Mbololo.